Sura ya Saba: Muhuri Unaoshuhudia Muhuri

Pale Satellite, kandokando ya Barabara ya Naivasha, ukishuka matatu huwezi kwenda mbali bila kupita saiba. Nyingi ni chumba cha mlango mmoja: kompyuta tatu, printa inayokohoa, mashine ya lamineshoni, na kijana anayezijua tovuti za serikali kuliko baadhi ya maafisa wanaozisimamia. Kijana huyo huulizwa mengi kutwa nzima, ila kuna swali moja linalorudi kila mara, na mwulizaji huwa amekwisha kukasirika kabla hajaketi: "Cheti hiki ni changu, nilikisomea, sikumhonga mtu. Mbona Dubai wanasema hakijakamilika?"

Ni swali la haki, na jibu lake ni fupi. Cheti hakina kasoro. Ila karani wa Dubai hamjui mtu aliyekitia saini. Mengine yote katika sura hii, foleni, ada, mihuri juu ya mihuri, yamezaliwa na jambo hilo moja.

Nani anakujua hapa?

Tuseme umehamia ploti mpya Kawangware na mwezi umekuwa mgumu. Unaenda dukani kuomba unga kwa deni. Mwenye duka anakutazama, kisha anauliza: "Nani anakujua hapa?" Unamtaja msimamizi wa ploti, yule tunayemwita keateka. Mwenye duka hakujui wewe, lakini keateka anamjua kwa miaka. Keateka akisema "huyu ni mpangaji wangu," unga unatoka. Angalia vizuri kilichotokea: keateka hakuapa kwamba utalipa. Hakusema una kazi nzuri wala moyo safi. Amesema tu kwamba wewe ni mpangaji wake kweli.

Kuhalalisha hati ni hivyo hivyo. Maana yake ni kuitafutia hati yako wa kuishuhudia, mmoja baada ya mwingine, hadi umfikie shahidi ambaye nchi ya kigeni inamjua. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, hutoa cheti chako cha KCSE. Wizara ya Elimu inaijua saini ya KNEC. Wizara ya Mambo ya Nje inaijua saini ya afisa wa Wizara ya Elimu. Ubalozi wa nchi uendako unaijua saini ya afisa wa Mambo ya Nje. Na ukishafika kule, wizara yao ya mambo ya nje inaijua saini ya ubalozi wao. Ofisi hizi huwekeana sampuli za saini na mihuri. Karani hapimi elimu yako. Analinganisha saini iliyo mezani na ile iliyo kwenye faili lake.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini huwezi kuruka ngazi. Watu huenda moja kwa moja ubalozini na cheti mkononi, wakarudishwa getini, wakadhani wamedharauliwa. La. Ubalozi haumjui mwalimu mkuu wako, na hauna faili la saini yake.

Utaelewa pia jambo la pili, ambalo wengi hawalipendi: muhuri hauigeuzi hati kuwa ya kweli. Cheti cha kughushi kilichochapwa River Road kikiipita ofisi ya kwanza bila kugunduliwa, ofisi zote zinazofuata zitakipigia muhuri kwa moyo mweupe, maana kila moja inaitazama ile iliyoitangulia tu. Ndiyo maana ukali wote uko mlango wa kwanza. Na sababu ya ukali ipo: Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulipata vyeti 2,067 vya kughushi miongoni mwa watumishi wa umma. Ikiwa serikali yenyewe iliajiri watu wa namna hiyo, usishangae mgeni wa mbali akitaka shahidi wa tatu na wa nne.

Kwa ufupi: kila ofisi inaishuhudia saini iliyo kabla yake. Anza pale hati ilikozaliwa, panda ngazi moja moja.

Barabara ya mihuri

Habari njema kwa mtu wa Satellite ni kwamba ofisi nyingi anazozihitaji zimepangana kama maduka. Ukishuka mjini, nenda Harambee Avenue. Pale kuna Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu. Kuna Sheria House, ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Na kuna lile jengo la mawe la Old Treasury, ilipo Wizara ya Mambo ya Nje. KNEC wana ofisi katika NHC House, Aga Khan Walk, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Siku hizi maombi mengi huanzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini kwa hati halisi za karatasi bado kuna siku utakayovaa viatu vya kutembelea.

Mlango wa kwanza hutegemea aina ya hati:

- Vyeti vya masomo huanzia kwa aliyevitoa, yaani KNEC au chuo chako, kisha Wizara ya Elimu.
- Cheti cha kuzaliwa au cha kifo huthibitishwa na idara ya usajili wa raia, ile iliyokitoa.
- Cheti cha ndoa huthibitishwa na Msajili wa Ndoa, chini ya Mwanasheria Mkuu. Hapo pia ndipo hutolewa cheti cha kutokuwa na pingamizi, hati inayosema huna ndoa nyingine inayokuzuia, ambayo Mkenya anayefunga ndoa ughaibuni huulizwa karibu kila mahali.
- Cheti cha maadili mema, ambacho mtaani huitwa gudi kondakti, hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapa fomu, unaenda kuchukuliwa alama za vidole, kwa mfano Huduma Centre ya GPO.
- Hati ulizoandika mwenyewe, kama kiapo au hati ya uwakilishi inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, huanzia kwa notari. Notari ni wakili aliyepewa kibali cha ziada kushuhudia saini kwa matumizi ya nje ya nchi. Saini yake nayo hushuhudiwa na Mahakama Kuu kabla haijafika Mambo ya Nje.

Usimchanganye notari na kamishna wa viapo. Kamishna wa viapo ni yule wakili wa ghorofa ya pili anayekupigia muhuri kwa shilingi mia chache ukiwa umepoteza kitambulisho. Kwa mambo ya hapa nyumbani anatosha kabisa. Hati yenye muhuri wake peke yake ikipelekwa Doha, mara nyingi hurudi.

Kuhusu ndoa, neno moja la kando. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano, ya kimila ikiwemo, na inataka zote zisajiliwe. Wako wazee wa Dagoretti walioishi pamoja miaka 30, mahari ililipwa hadi mbuzi wa mwisho, na hawana karatasi hata moja. Mtoto aliye Kanada akitaka kuwaalika kama mke na mume, hapo ndipo ukimya wa karatasi unapoanza kupiga kelele. Ndoa ya kimila inaweza kusajiliwa hata ikiwa na umri huo. Afadhali isajiliwe kabla tiketi hazijanunuliwa.

Herufi moja

Nimeona safari nyingi zikikwama, na nyingi hazikukwama kwa sababu ya ada wala foleni. Zilikwama kwa jina.

Mtoto huzaliwa akaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa majina mawili: la nyanya yake na la baba yake. Akabatizwa, akaongezewa Mary. Shuleni mwalimu akaandika Mary Wanjiku na kumwacha baba nje. Alipochukua kitambulisho, baba akarudi. Alipoolewa, pasipoti ikabeba jina la mume. Mtaani wote wanajua ni mtu mmoja. Hata paka wa jirani anajua. Kwa karani wa Abu Dhabi hao ni wanawake wanne, na anataka kujua yupi kati yao aliyefaulu mtihani.

Kwa Waislamu wa Kawangware na Eastleigh shida huja kwa njia nyingine. Mohamed, Mohammed, Muhammad: sikioni ni jina moja, kwenye kompyuta ni matatu. Ubaya ni kwamba hati ikitafsiriwa kwa Kiarabu, herufi za Kiarabu huyarudisha yote kuwa jina moja, mwenye hati akadhani mambo yamekaa sawa, kisha mfumo wa uhamiaji unaosoma herufi za Kilatini ukayatenganisha tena.

Dawa ziko mbili, na watu huzichanganya. Ikiwa tofauti ni ndogo, mpangilio wa majina au herufi iliyoruka, kiapo cha maandishi kinachosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja huweza kutosha. Ikiwa jina lenyewe limebadilika, au unataka hati zote zifuate jina moja kuanzia sasa, unahitaji hati rasmi ya kubadili jina, inayoitwa "deed poll" hata na wanaozungumza Kikikuyu tupu. Hiyo huandaliwa na wakili, husajiliwa, kisha tangazo lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ni safari ya majuma, si ya siku moja.

Ushauri wangu ni wa fundi seremala: pima kabla hujakata. Tandaza hati zako zote mezani, pasipoti ikiwa katikati, kisha soma jina kwenye kila moja, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Fanya hivyo usiku ule ule unapoamua kuondoka, kabla hujamlipa mtu senti. Pasipoti ndiyo kipimo, kwa sababu ndiyo itakayoonyeshwa mpakani.

Je, kuna njia ya mkato?

Ipo, lakini mlango wake hadi sasa haujafunguka kwa hati za Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1961, mjini The Hague, Uholanzi, nchi kadhaa zilikubaliana kufupisha msururu huu wote. Badala ya mihuri minne au mitano, ofisi moja katika nchi ya hati hubandika cheti kimoja kinachoitwa apostili, na nchi nyingine zote za mkataba hukipokea bila kupitia ubalozi. Leo zaidi ya nchi 120 zimo.

Majirani wanaingia mmoja mmoja. Burundi ilianza kuutumia mwaka 2015. Rwanda ilifuata tarehe 5 Juni 2024, na siku hiyo Kenya ilikuwa bado nje. Kwenye Ghuba, Oman imo tangu 2012, Bahrain tangu 2013, Saudi Arabia tangu Desemba 2022. Umoja wa Falme za Kiarabu na Qatar hazikujiunga nao, na Wakenya wengi huenda huko huko.

Hapa watu huteleza. Husikia Oman imo kwenye mkataba, wakafikiri cheti cha Kenya kitapokelewa Muscat kwa apostili. Apostili hufanya kazi pale nchi zote mbili zinapokuwa wanachama, ile inayotoa na ile inayopokea. Uanachama wa upande mmoja ni kama daraja lililojengwa hadi katikati ya mto. Hivyo basi, mtu akikuahidi "apostili ya Kenya" kwa ada ya haraka, muulize ni ofisi gani ya Kenya inayoitoa, kisha umsikilize akibabaika. Wengine hupeleka nakala Uingereza, wakili wa huko akaithibitisha, na hiyo ikapewa apostili ya Uingereza. Ni halali, ila jua unachokinunua: apostili hiyo inaishuhudia saini ya wakili wa London. Cheti chako cha Nairobi haikishuhudii hata kidogo, na mpokeaji makini ataligundua hilo.

Kwa maoni yangu, gharama ya kubaki nje ya mkataba huu haiwaumi matajiri. Kampuni kubwa ina tarishi na wakili. Anayeumia ni binti wa Satellite anayepoteza siku ya kibarua kila mara anapopanda matatu kwenda kusubiri saini.

Nchi zenye desturi zao

Kabla hujaanza kupanda ngazi, muulize anayeipokea hati anataka nini hasa, na akujibu kwa maandishi. Si kila nchi inataka msururu mzima. Vyuo na idara za uhamiaji za Kanada, kwa mfano, mara nyingi hutaka vyeti vipimwe na shirika la tathmini kama WES, na chuo chako ndicho hutuma alama zako moja kwa moja. Ukijaza cheti mihuri ya balozi, umetumia pesa kupamba tu.

Ujerumani nayo ina njia yake. Imeiweka Kenya kwenye orodha ya nchi ambazo balozi zake hazihalalishi hati. Badala yake, ofisi ya Ujerumani inayoshughulikia jambo lako, tuseme ofisi ya ndoa, huweza kuuomba ubalozi uichunguze hati. Ubalozi humtuma wakili ambaye wenyewe unamwamini aende kwenye chanzo chenyewe: kwa msajili, hospitalini, shuleni, hata kwa jamaa. Gharama hurudi kwa mwenye hati, na huchukua miezi. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotiliana saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, vijana wengi wanajifunza Kijerumani. Wajifunze na hili pia.

Falme za Kiarabu hufuata msururu wote, na mwisho wake huwa ni wizara yao ya mambo ya nje. Huko hati ya kawaida ya mtu binafsi hulipiwa dirham 150, na hati za kibiashara kama mikataba dirham 2,000. Soma tena tarakimu hiyo ya pili ikiwa una kampuni.

Hati za biashara

Mama mmoja ana kampuni ndogo ya vyondo na anataka kuuza Dubai. Mnunuzi anamwomba "karatasi za kampuni." Karatasi hizo ni cheti cha usajili, katiba ya kampuni, na CR12, waraka wa Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, unaoonyesha wakurugenzi na wenye hisa ni nani. CR12 ni kama maziwa: hutakiwa ikiwa mbichi. Ya mwaka jana haifai, kwa sababu mkurugenzi anaweza kuwa amejiuzulu jana. Iombe mwisho, mambo mengine yote yakiwa tayari. Na kwa kuwa hupakuliwa mtandaoni bila saini ya wino, uliza mapema kama anayeipokea anataka nakala iliyothibitishwa.

Bidhaa zenyewe huhitaji cheti cha asili, kinachosema zimetengenezwa Kenya. Cha kawaida hutolewa na Chama cha Kitaifa cha Biashara na Viwanda, KNCCI. Kile kinachompunguzia mnunuzi ushuru, kama EUR.1 kwa soko la Ulaya, hutolewa na Mamlaka ya Mapato, KRA, kupitia idara ya forodha. Ukipeleka cha kwanza palipotakiwa cha pili, mzigo utaingia, lakini mnunuzi atalipa ushuru kamili na hatakupigia simu tena.

Kabla hujafunga bahasha

Usipige lamineshoni hati yoyote unayotarajia kuitumia nje. Najua ilivyo: mama alikihangaikia cheti kile, akakifunika plastiki kisiingie maji, akakiweka chini ya godoro. Lakini wino wa muhuri haushiki kwenye plastiki, na mgongo wa cheti ndio uwanja wa mihuri. Kilichofunikwa tayari kinaweza kukulazimu kuomba kipya kwa aliyekitoa.

Tafsiri, kama inahitajika, kwa kawaida hufanywa mihuri ikiwa imekwisha kupigwa, ili mihuri nayo itafsiriwe. Uliza kwanza kama nchi ile inataka mfasiri wake aliyeapishwa. Nyingine hazikubali wa hapa. Piga picha kila ukurasa baada ya kila ngazi. Hati zenye kuchacha, kama cheti cha maadili mema, ziombe karibu na safari, kwa sababu wapokeaji wengi hawataki iliyopita miezi sita.

Na madalali? Wapo, wanasimama kando ya majengo yale yale, na baadhi yao ni watu wa msaada kweli. Siwalaani wote. Kumlipa mtu akupangie foleni ni jambo moja. Kumwachia cheti chako halisi na kumtumia ada ya serikali kwenye simu yake ni jambo lingine. Ada za huduma zilizo kwenye eCitizen hulipwa kwa nambari moja ya serikali ya M-Pesa: paybill 222222. Ukipewa nambari ya mtu binafsi, rudisha bahasha kwapani uende zako.